Jinsi ya kupanga timu ya mauzo Dodoma mpaka hela irudi: mwongozo kamili

Nimeandika hii kwa sababu swali ni lile lile kila mwezi. Mtu ana mashine ndogo ya kukamua alizeti Kizota, mwingine anafungasha unga Nkuhungu, mwingine kaanza na wine ya zabibu, na wote wanasema hivi: nimeajiri vijana watatu wa mauzo, nimewapa tisheti na pikipiki, mwezi wa kwanza mzigo ulitembea vizuri sana, mwezi wa tatu stoo tupu na benki hakuna kitu. Anawafukuza, anaajiri wengine watatu, na inajirudia vile vile.

Mara nyingi vijana hawana shida. Shida inaanzia pale ambapo wote watatu wanaitwa "watu wa mauzo" na maelezo yanaishia hapo. Wote wanatafuta wateja, wote wanapeleka mzigo, wote wanakopesha, wote wanapokea hela. Hizo ni kazi nne tofauti, na kila kitu kikiharibika hakuna hata mmoja wa kumuuliza maana kila mtu aligusa kila kitu. Kwahiyo hapa tunatenganisha hizo kazi, hata kama una watu wawili tu.

Nitatumia mfano wa mafuta ya alizeti, dumu la lita 20, toka mwanzo mpaka mwisho, maana ndio biashara ninayoijua na huku kati kila mtu anaielewa. Wewe weka bidhaa yako hapo.

## Andaa hivi vitu kwanza

Usiajiri mtu kabla hujawa navyo.

- Kaunta buku tatu: moja ya oda, moja ya stoo, moja ya mali kauli, yaani mzigo unaoutoa kwa mkopo. Usichanganye hata siku moja.
- Vitabu vya dilivari noti vyenye nakala, ili duka libaki na karatasi na wewe ubaki nayo.
- Lipa namba yenye jina la biashara. Sio namba yako, sio ya kijana, sio ya shemeji.
- Mashine ya EFD, ile ya kukatia risiti za kodi, kama biashara yako inakulazimu kuwa nayo, na iwe inafanya kazi, sio ya kukaa kabatini.
- Sampuli. Chupa za nusu lita kumi zinatosha kuanzia, na nembo ya TBS iwe inaonekana kwenye mzigo wako maana duka kubwa litaiulizia kabla ya bei.
- Pikipiki moja ya kutafutia wateja, na guta au kirikuu ya kupelekea mzigo. Kukodi inaruhusiwa.
- Mkataba wa kazi wa maandishi kwa kila mtu na namba yake ya NSSF.
- Hela ambayo unaweza kukaa siku 14 bila kuiona na biashara ikaendelea. Hii wengi hawana, na ndio maana nimeiweka kwenye listi.

## Hatua ya 1: Piga hesabu ya dumu moja

Kabla hujampangia mtu tageti lazima ujue timu yako inakula madumu mangapi kwa mwezi. Hili watu wanaruka kabisa, wanasema tu "uza kadri unavyoweza", sasa kijana atajuaje kama aliyouza yanatosha?

Tuseme dumu linakutoka kwa 92,000 mpaka limefika stoo na unaliuza jumla 100,000. Unabaki na 8,000. Sasa weka gharama za timu ya watu watatu:

- Mishahara: 250,000 mara tatu ni 750,000.
- NSSF: mchango wote ni 20% ya mshahara, na sheria inakuruhusu kumkata mfanyakazi isizidi nusu yake. Upande wako ukibeba 10% ni 75,000.
- Mafuta ya vyombo vya usafiri: 10,000 kwa siku, siku 26, ni 260,000.
- Bando na vocha: 45,000.
- Matengenezo, pancha, oili: 70,000.

Jumla 1,200,000. Gawa kwa 8,000 unapata madumu 150 kwa mwezi, yaani kama 6 kila siku ya kazi, na hapo hujapata faida hata shilingi, umewalipa watu tu. Kodi ya fremu bado, kamisheni bado.

Ukiona namba inakutisha usiilazimishe. Punguza mtu mmoja au pandisha kiasi unachobakiza kwa dumu, ila usiseme "tutajua mbele ya safari".

Utajua umefanikiwa: kila mtu kwenye timu anaweza kukutajia bila kuangalia karatasi kwamba dumu la 150 ndio linalowalipa mshahara.

## Hatua ya 2: Gawa wateja kwa makundi, maana hawanunui kwa namna moja

Hapa Dodoma mimi nawagawa hivi.

Mangi wa mtaani, yaani mwenye duka la rejareja, na maduka ya jumla ya Majengo na Sabasaba. Hawa wanaangalia bei na wanaangalia kama utarudi. Mangi kashatapeliwa na watu wa mauzo waliomletea mzigo mara moja wakapotea, akakaa na chupa zinazovuja hana wa kumrudishia. Kwahiyo ziara ya kwanza anaweza asinunue kabisa, ya pili akachukua dumu moja, ya tatu ndio mnaanza biashara.

Mama ntilie, wakaanga chipsi, migahawa. Wananunua kidogo kidogo ila kila siku. Wanajali mafuta yasitoe povu na yasiishe haraka kwenye karai. Hapa sampuli inauza kuliko maneno, mwachie nusu lita akaangie mbele yako.

Hoteli na watu wa keta, wale wanaopikia shughuli. Wanataka risiti, wanataka mzigo ufike saa waliyosema, na anayeamua ni meneja manunuzi au mpishi mkuu, sio dada wa mapokezi. Vijana wengi wanaishia mapokezi halafu wanaandika "hoteli imetembelewa".

Taasisi za serikali. Manunuzi yao yanapita kwenye mfumo wa NeST, ule wa serikali wa manunuzi kwa mtandao, kwahiyo hii kazi inafanyikia kwenye kompyuta na nyaraka, sio kwenye pikipiki. Malipo yanaweza kuchelewa, na mtaji wako ukiwa mdogo utafia humo. Ushauri wangu: mwaka wa kwanza waache.

Chagua makundi mawili tu ya kuanza nayo. Mimi ningechukua mangi na mama ntilie, maana hela inarudi haraka na kijana anapata mazoezi ya kuongea na watu wengi kwa siku. Tatizo la kuchukua yote manne ni kwamba kijana mmoja asubuhi yuko na mkaanga chipsi anayetaka lita 5, mchana yuko kwenye korido ya hoteli anasubiri meneja masaa mawili, jioni hana kitu mkononi.

## Hatua ya 3: Gawa kazi

Hii ndio hatua yenyewe, soma taratibu. Kwenye mauzo kuna kazi tano, na kila moja ina mtu wake na kipimo chake.

Mfungua wateja. Kazi yake ni kuingia sehemu ambayo haijawahi kununua kwenu, kuongea, kuacha sampuli na kurudi mpaka oda ya kwanza itoke. Mpime kwa wateja wapya walionunua na kulipa, sio kwa maduka aliyotembelea. Tafuta mtu ambaye akikataliwa mara kumi haumii, wa kumi na moja anaingia na tabasamu lile lile.

Mtunza wateja. Huyu anarudi kila wiki kwa waliokwisha kununua, anaangalia mzigo umebaki kiasi gani, anachukua oda nyingine, anasikiliza malalamiko. Tabia inayohitajika ni tofauti kabisa na ya yule wa kwanza: mvumilivu, anakumbuka majina ya watoto wa mteja, hasahau ahadi. Mara nyingi mfungua wateja mzuri ni mtunzaji mbaya, na ukimlazimisha afanye zote mbili atakimbilia anachokipenda na wateja wa zamani watakauka.

Mpeleka mzigo. Dereva wa guta au kirikuu. Anatoka na dilivari noti, anarudi nayo ikiwa imesainiwa na kugongwa muhuri au kuandikwa jina na namba ya simu ya aliyepokea. Huyu haruhusiwi kuuza njiani, hata dumu moja, hata kwa bei nzuri. Akipata mteja njiani anapiga simu ofisini, oda inaandikwa ndio mzigo unatoka.

Mtu wa ofisini. Anapokea oda, anatoa mzigo stoo, anaandika daftari, anakata risiti, anaangalia hela zilizoingia kwenye lipa namba. Wengi wanamdharau kwa sababu hatoki nje, lakini bila huyu timu nzima inatembea gizani.

Msimamizi. Kwenye biashara ndogo ni wewe mwenye mali. Unaamua bei, unaamua nani apewe mali kauli na ya kiasi gani, na unatembea ruti mwenyewe angalau siku moja kwa wiki.

Sasa una watu watatu na kazi tano, utaziunganishaje? Mtu wa kwanza anafungua wateja. Wa pili anatunza wateja na kufuatilia madeni. Wa tatu anapeleka mzigo. Ofisini na usimamizi ni wewe, au mwenzi wako, au ndugu unayemwamini na daftari. Ukiwa na watu wawili tu, mmoja afungue na kutunza kwa siku tofauti, mfano Jumatatu mpaka Jumatano wapya na siku zilizobaki wa zamani, mwingine apeleke mzigo.

Unganisha unavyotaka ila kuna mambo mawili hayaunganishwi hata mkiwa ndugu wa tumbo moja. Anayetoa mzigo stoo asiwe ndiye anayepokea hela ya huo mzigo akiwa nje. Na anayefungua mteja asiwe ndiye anayeamua kumkopesha.

Angalizo: kama una kijana anayefanya vizuri sana usimpandishe haraka kuwa supavaiza. Nimeliona hili mara nyingi, unampoteza muuzaji mzuri unapata msimamizi asiyejua kusimamia, halafu anaona aibu kurudi chini anaacha kazi. Mpandishe kamisheni kwanza, usimamizi mjaribu nao polepole kwa kumpa mgeni mmoja amfundishe.

Utajua umefanikiwa: mteja akipiga simu kulalamika dumu linavuja, ndani ya dakika moja unajua nani anapigiwa.

## Hatua ya 4: Chora ruti

Dodoma imetanuka sana, ukimwachia kijana aende popote atamaliza mafuta ya pikipiki kati ya Nkuhungu na Nzuguni. Chukua karatasi kubwa, gawa mji kwa siku:

- Jumatatu: Majengo, Sabasaba, katikati ya mji.
- Jumanne: Chang'ombe, Nkuhungu, Mnadani.
- Jumatano: Kisasa, Ilazo, Ipagala.
- Alhamisi: Nzuguni, soko la Ndugai na stendi kuu, mpaka Ihumwa na Mtumba.
- Ijumaa: Kikuyu, Makulu, Ng'ong'ona upande wa UDOM.
- Jumamosi: madeni na waliokosekana kwenye wiki.

Sababu ya kufanya hivi ni zaidi ya kuokoa mafuta. Mangi akizoea kwamba watu wa mafuta wanakuja Jumatano anakuwekea hela ya Jumatano. Ukija siku yoyote, hela ya siku yoyote kashampa mtu wa soda.

Kwa siku moja mfungua wateja anaweza kuingia sehemu 20 mpaka 25 akiwa anaongea kweli, mtunzaji anaweza kupita 30. Ukiletewa ripoti ya maduka 60 kwa siku ujue kuna maduka yametembelewa kwa kalamu tu akiwa amekaa mahali. Namna ya kuzuia ni rahisi, kila anapotoka dukani atume picha ya rafu na lokesheni kwenye grupu la WhatsApp la kazi. Wengine wanaona ni kumbana kijana, mimi naona inamlinda, maana siku mteja akisema "hamjawahi kunitembelea" anao ushahidi.

Halafu kitu kimoja kuhusu ushindani. Tangu treni ya SGR ianze kufika hapa 2024, mtu wa mauzo wa kampuni ya Dar anaweza kupanda asubuhi na begi la sampuli akazunguka Majengo na jioni akarudi kwake. Kwahiyo ule wakati wa kusema "hawa wa Dar hawatafika" umeisha. Unachomzidi ni kwamba wewe uko hapa Jumatano ijayo na dumu likivuja unalibadilisha siku hiyo hiyo, basi hakikisha kweli unalibadilisha.

## Hatua ya 5: Wafundishe kuingia dukani

Siku mbili nzima, usiwatoe nje kabla. Mkae, mmoja awe mangi mwingine awe muuzaji, mbadilishane mpaka wachoke.

Kosa kubwa ni kuanza na bei. Kijana anaingia: "boss tuna mafuta dumu laki moja". Mangi anajibu "ninayo" na mazungumzo yameisha hapo. Afundishwe kuingia hivi: anasalimia vizuri, kama kuna mteja anasubiri pembeni mpaka ahudumiwe, kisha anauliza kabla ya kusema.

"Shikamoo mama. Pole na kazi."

"Marahaba mwanangu."

"Mama naona unapima mafuta ya kujaza, dumu moja linakutoka kwa siku ngapi?"

"Siku tatu hivi, mwisho wa mwezi mbili."

"Na anayekuletea anakuletea mpaka hapa?"

"Nafuata mwenyewe Majengo, nalipa bodaboda."

Hapo kijana kashapata kila kitu, dumu moja kwa siku tatu ni kama kumi kwa mwezi, na mama anaumia nauli ya boda. Sasa anaweza kumwambia tunakuletea mpaka mlangoni kila Jumatano, na bei ataitaja mwishoni ikiwa imepungukiwa nauli aliyokuwa analipa. Maswali mawili tu yamefanya kazi ambayo punguzo la 2,000 lisingeifanya.

Kwa wazee wa Kigogo, kijana akianza na "mbukwenyi" uso unafunguka. Lakini asiigize, ajifunze salamu yenyewe inavyoitikiwa, maana mtu akikuitikia ukashindwa kuendelea inaonekana ulikuja kumbembeleza tu.

Asiseme uongo kuhusu bidhaa wala kuhusu mafuta ya mwenzake. Akiulizwa asichokijua aseme "nitakupigia saa kumi nikuambie" na kweli apige saa kumi. Nimeona oda kubwa zimepatikana kwa ile simu ya saa kumi.

Utajua umefanikiwa: kijana akirudi jioni anakuambia duka linauza madumu mangapi kwa wiki na linanunua kwa nani, kabla hajakuambia kama limenunua.

## Hatua ya 6: Mali kauli

Nitakaa hapa muda mrefu maana hapa ndipo biashara nyingi zinapofia.

Miaka ya nyuma nilikuwa nasimamia watu wanne kwenye kampuni moja ya kusambaza vinywaji. Tulikuwa tunawalipa kamisheni kwa mzigo uliotoka. Kijana mmoja alifungua maduka karibu arobaini kwa mwezi mmoja, tukampongeza mbele ya wenzake, akalipwa kamisheni yake yote. Yote yalikuwa mali kauli. Miezi miwili baadaye nilizunguka mwenyewe kukusanya, maduka mengine fremu imefungwa, mengine mwenye duka anasema mlisema nikiuza ndio nilipe na sijauza, na mengine alikuwa anasema kweli maana mzigo ulikuwa umedoda umejaa vumbi. Kijana hakuiba hata mia. Alifanya kile tulichokuwa tunamlipa afanye, na mfumo ule niliusimamia mimi, kwahiyo lile deni nalihesabu ni langu.

Toka hapo nafuata utaratibu huu na sibadilishi.

Oda tatu za kwanza ni cash. Hakuna mteja mpya wa mali kauli, hata awe na duka kama uwanja. Akikataa nenda kwa mwingine.

Kila mteja ana kikomo chake. Chukua wastani wa anachouza kwa wiki moja, hicho ndicho kikomo. Mama wa madumu mawili kwa wiki kikomo chake ni madumu mawili. Kikomo anakipanga msimamizi, kinaandikwa kwenye daftari, kijana hana ruhusa ya kukizidisha hata akibembelezwa.

Siku ya kulipa ni siku ya ruti. Mzigo wa Jumatano hii unalipwa Jumatano ijayo. Usiseme "siku saba" wala "mwisho wa mwezi", taja siku.

Deni la zamani kwanza, mzigo mpya baadaye. Mteja atasema niongezee madumu matatu nitalipa yote Ijumaa. Jibu ni hapana, kwa heshima. "Mama nikishusha leo bila ya juzi na mimi nafungiwa ofisini, nipe hata ya dumu moja nikushushie moja." Mara nyingi hela ipo, inasubiri anayeiomba vizuri.

Karatasi imesainiwa. Bila dilivari noti yenye jina na namba ya simu ya aliyepokea huna deni, una hadithi. Na aliyepokea awe mwenye duka au mtu ambaye mwenye duka amemtaja mbele yako, sio kijana wa kushusha mzigo.

Hela inaingia lipa namba. Usikubali kuonyeshwa meseji kwenye simu ya mteja, meseji za kutengeneza zipo nyingi sana. Mtu wa ofisini athibitishe hela imeingia ndio kijana aondoke dukani. Akilipwa noti, ziingie kwenye lipa namba ya biashara kwa wakala wa karibu kabla hajaenda duka linalofuata. Hii inamkinga na wezi pia, mtu anayezunguka na laki nane mfukoni kwenye pikipiki hayuko salama.

Angalizo kubwa: mteja akitoroka na mzigo usiamke tu kesho ukakata mshahara wote wa kijana. Sheria ya ajira ya 2004 inataka afanyiwe utaratibu wa haki, ajue anadaiwa nini na kwanini na apate nafasi ya kujieleza, na makato kwa pamoja yasizidi robo ya mshahara. Hata bila sheria, kijana anayekatwa kwa deni ambalo wewe ndiye uliliidhinisha ataanza kujilipa mwenyewe kimya kimya.

Utajua umefanikiwa: kila Jumamosi mchana unaweza kusema hela yako iliyo nje ni shilingi ngapi na iko kwa nani, na hakuna jina lililokaa zaidi ya siku 14.

## Hatua ya 7: Lipa timu kwa hela iliyoingia

Mshahara wa msingi uwe wa kumfanya mtu ale na afike kazini, usiwe chini ya kima cha chini cha serikali cha sekta yako. Kamisheni iwe juu yake, na ihesabiwe kwa dumu lililolipwa, sio lililoshushwa.

Mfano: mfungua wateja anapata 3,000 kwa kila mteja mpya aliyelipa oda tatu. Mtunza wateja anapata 500 kwa kila dumu ambalo hela yake imeingia ndani ya siku 7, likichelewa mpaka siku 14 anapata 250, likizidi hapo sifuri. Dereva anapata bonasi ya mwezi kama dilivari noti zote zimerudi zimesainiwa na hakuna dumu lililopasuka. Ukishajaza namba zako rudi hatua ya 1 uhesabu upya, maana ile 8,000 sasa inabeba na kamisheni, madumu 150 hayatatosha tena.

Tangaza yote kwa maandishi kabla mwezi haujaanza na usibadilishe katikati. Najua inauma kijana akipiga kamisheni kubwa kuliko ulivyotegemea, unatamani kupunguza. Usipunguze. Timu ikiona umekata mara moja, kuanzia hapo wanauza mpaka kiwango ambacho wanahisi hutaumia, wanasimama.

## Hatua ya 8: Asubuhi dakika 15, jioni dakika 10

Asubuhi saa mbili kasoro mnasimama, msikae. Kila mtu anasema jana nilipanga nini, nimepata nini, leo naenda wapi, nani ananidai msaada. Jioni mtu wa ofisini analinganisha vitu vitatu: madumu yaliyotoka stoo, dilivari noti zilizorudi, hela iliyoingia jumlisha mali kauli mpya. Lazima vilingane. Visipolingana hakuna anayeondoka mpaka ijulikane dumu liko wapi, maana la leo utalikumbuka, la wiki iliyopita hutalipata.

Usimfokee mtu mbele ya wenzake kwa tageti. Mchukue pembeni, muulize maduka matano aliyokataliwa na walisema nini, mara nyingi utagundua bei yako imepitwa au mfuniko unavuja na kijana amekuwa akibeba lawama isiyo yake.

## Hatua ya 9: Panga tageti kwa msimu

Hii fupi. Bunge la bajeti linaanza Aprili mpaka mwisho wa Juni, mji unajaa, hoteli na migahawa inakaanga zaidi, hapo ongeza ziara upande huo. Alizeti mpya inaanza kuingia kuanzia Mei na Juni, bei ya mafuta inashuka, kwahiyo usijaze stoo mzigo wa bei ya juu mwezi wa nne. Januari hela ya watu iko kwenye ada na sare, tageti ya Januari ikiwa sawa na ya Disemba unawavunja moyo vijana bure. UDOM na vyuo vikifungua, ruti ya Makulu na Ng'ong'ona inaamka.

## Lini uongeze mtu, lini utoke nje ya mji

Mtunza wateja akifika wateja 150 wanaonunua kila wiki anaanza kusahau watu, hapo ongeza mtunzaji wa pili na mgawane ruti. Usiongeze mfungua wateja kabla ya hapo, utakuwa unajaza ndoo iliyotoboka.

Kibaigwa, Kongwa, Mpwapwa, Kondoa, Manyoni, hizi kijana wa pikipiki akizifuata kila wiki mafuta yanakula faida yote. Tafuta wakala mwenye duka la jumla pale pale, ambaye anauza bidhaa zinazokaa rafu moja na yako, mpe bei yake na eneo lake na usimruke kwa kumuuzia jirani yake. Mtunza wateja wako amtembelee mara moja kwa mwezi, zilizobaki simu. Na miezi mitatu ya kwanza wakala achukue kwa cash tu, madumu kumi kumi, hata kama anaomba hamsini kwa mali kauli na anakutajia watu wakubwa wanaomfahamu.